Mvaaji wa Saa ya Mwisho

Gwantwa alikuwa ndani ya Kapteni Anyosisye Mwalwisi, na kapteni alikuwa amebakiza robo saa ya kuishi.

Bado hakujua atakufaje. Watu wa nje hawakuwahi kulielewa hilo kuhusu kazi yake. Walidhani mvaaji huketi kama mtu anayetazama filamu, karanga mkononi, huku marehemu anahangaika mbele yake. Hakuna kitu kama hicho. Mvaaji huingia ndani ya ngozi ya marehemu, huwashwa pale alipowashwa, hubanwa na mkojo uliombana, na risasi ikija humkuta hana habari, vilevile ilivyomkuta mwenyewe.

Basi alisimama pale kwenye Lango la Pampu ya Ihanga, miguu imekufa ganzi ndani ya buti, na mbele yake walikuwepo watu kama mia tatu kutoka bondeni. Wengi walikuwa wanawake. Walibeba ndoo, madumu na masufuria. Mmoja alikuwa na beseni la kuogeshea mtoto. Bondeni mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi kumi na minne, na huku juu, nyuma ya lango, bwawa lilikuwa limejaa mpaka linamwagika.

"Kapteni, unangoja nini?" sauti ilisema sikioni mwake. Hakuna mtu wa Kitulo ambaye hakuijua sauti ile. Ilikuwa ya Mheshimiwa Chaula, Waziri wa Maji, bingwa wa kulia kwenye misiba ya watu. "Fyatua."

"Mheshimiwa, hawa wana ndoo tu."

"Leo ndoo, kesho mapanga. Nimesema fyatua."

Kapteni alivuta pumzi. Gwantwa aliusikia woga wake ukishuka tumboni, kisha akasikia kitu kingine kikikaa juu ya woga ule, uchovu wa mtu aliyeshachoka kubishana. Kapteni akawageukia askari wake kumi na wawili.

"Shusheni bunduki," alisema. "Fungueni lango. Kila mtu ndoo moja, wenye watoto mgongoni waanze. Na asisukumwe mtu."

Sajini Mbwilo, aliyesimama hatua tatu kushoto kwake, naye alikuwa na kidude sikioni. Kapteni alimwona akisikiliza, akitikisa kichwa kuitikia. Miaka sita walikuwa wamekula ugali sahani moja.

"Samahani, afande," Mbwilo alisema.

Risasi iliingia chini ya sikio la kushoto ikatokea kwenye taya. Gwantwa alianguka. Alitaka kupiga kelele lakini hakuwa tena na mdomo wa kupigia. Akiwa chini aliona miguu tu, na ndoo zikibingirika, kisha bunduki zote zikaanza kulia kwa pamoja na miguu ile ikaanza kulala chini. Mwanamke mmoja mwenye dumu la njano alimwangukia magotini, akavua kanga yake akaikandamiza kwenye shingo iliyopasuka. "Pole, baba, pole, tulia," alikuwa anasema. Risasi ikampata kisogoni. Damu yake ilimwingia kapteni machoni, ya moto, na baada ya hapo kapteni hakuona kitu. Aliendelea kusikia. Alisikia kwa dakika saba nzima, na dakika saba za namna ile ni nyingi mno.

Kisha giza, na ngumi kifuani.

"Rudi! Rudi, dada! Jina lako nani?"

"Any..."

"Jina lako wewe!"

"Gwantwa," alisema, akatapika kwenye ndoo aliyowekewa.

Fundi Tweve alimfungua mikanda ya kiti akamtolea kipande cha ngozi kinywani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye wasiwasi wa kudumu, na kila mvaaji aliporudi yeye ndiye aliyetokwa jasho zaidi. Chini ya sikio la kushoto la Gwantwa palikuwa pamevimba na kuiva rangi ya zambarau, ingawa hakuna kitu kilichomgusa. Mwili ndivyo ulivyo. Ukiambiwa kwa nguvu ya kutosha kwamba umepigwa risasi, unaamini.

Kila mtu wa Kitulo alipandikizwa kokwa nyuma ya sikio akiwa mchanga. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Huhifadhi saa moja tu ya maisha, ikifuta ya nyuma kadiri mpya inavyoingia, na moyo ukisimama nayo husimama. Hapo ndani hubaki saa ya mwisho, na saa hiyo inaweza kuvaliwa mara mbili tu kabla kokwa haijaungua. Waliobuni sheria walikuwa wametoka kwenye Vita vya Mabwawa, ambako wauaji walikuwa wakizikwa kwa sifa na ngoma, na Baraza likipitisha maazimio ya kuwaenzi bila aibu. Wakaapa kwamba ujinga ule usirudiwe. Tangu hapo Azimio la Heshima halikupita mpaka mvaaji aivae saa ya mwisho ya marehemu, asimame ukumbini, na kila kifungu kinachoeleza kifo chake akitolee neno moja: "Nimeona," au "Sikuona." Zaidi ya hapo mvaaji hana kauli. Hahojiwi wala hasimulii. Akikana, mtoa hoja huchagua moja kati ya mawili, kurekebisha kifungu mpaka kikubaliwe, au kuita mvaaji wa pili.

Sheria nzuri kabisa. Ila waliongeza kitu kimoja, kwa nia njema, na nia njema ndiyo iliyowaponza: jambo lililoapiwa ndani ya Azimio likawa limefungwa. Hakuna mahakama inayoweza kulifungua tena.

*

Mlango wa chumba cha kuvalia ulifunguliwa bila kubishwa. Mheshimiwa Chaula aliingia na suti yake nyeusi ya msiba, na nyuma yake Sajini Mbwilo, bunduki begani.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Tweve alisema kwa sauti ya kukauka.

"Marahaba. Mvaaji wetu anaendeleaje?"

Gwantwa hakuamua kilichofuata. Kwa nusu saa baada ya kuvaa, mabaki ya marehemu hukaa kwenye misuli, na misuli ile ilikuwa bado ya kapteni. Aliruka kutoka kitini. Vidole vyake vilikuwa kooni mwa Mbwilo kabla hajaona uso wake vizuri, na meno yake yakalishika sikio la sajini yakavuta mpaka kitu kikakatika. Mbwilo alipiga yowe. Walianguka wote wawili wakaigonga meza ya vyombo, na Gwantwa akampigiza kichwa sakafuni mara mbili, akilia kwa uchungu wa mtu mwingine. Kisha kitako cha bunduki kikamjia mdomoni. Alisikia meno mawili yakivunjika, akabingirika ukutani na kubaki pale akitema damu.

"Basi, basi," Chaula alisema, akifuta tone lililorukia kiatu chake. "Binti, nimekuja kwa heri. Najua ulichokiona. Nisijifanye mjinga mbele yako."

Kwa desturi mvaaji haonyeshwi maandishi ya Azimio kabla ya kikao, asije akaona kile alichoambiwa atakiona. Chaula aliitoa karatasi mfukoni akamsomea hata hivyo.

"Kifungu cha nne. 'Kwa kuwa Kapteni Mwalwisi aliuawa na wavamizi wa bondeni waliolijia lango kwa silaha.' Neno moja tu, binti. Nimeona. Ukishalisema, nenda kapumzike."

Gwantwa alijua maana yake. Askari walikuwa wamewakamata watu kumi na saba wa bondeni, wale walioshindwa kukimbia. Kifungu kile kikipita, hakuna kesi itakayosikilizwa. Watanyongwa Jumamosi kwa mauaji ya kapteni, na maiti thelathini na nane zilizobaki pale langoni zitahesabiwa za wavamizi.

"Nisiposema?" aliuliza. Maneno yalitoka yamevimba.

"Sema hukuona, ni haki yako. Mvaaji wa pili yuko kwenye gari langu, ameshapata chai na chapati. Atavaa, atasema ameona, kokwa itachomwa mbele ya watu. Wale kumi na saba watanyongwa vilevile. Kitakachobadilika ni wewe, maana mvaaji aliyethibitishwa mwongo unajua anapopelekwa." Alikunja karatasi yake taratibu. "Sajini atakaa hapo mlangoni mpaka mtakapoitwa. Jifute uso. Ni siku ya heshima."

*

Tweve alimwekea pamba mdomoni.

"Kuna Kanuni ya Wote," fundi alinong'ona.

"Ilifutwa."

"Haikufutwa. Iliachwa tu. Kofia za kuvalia bado ziko chini ya viti, mimi mwenyewe huzipiga vumbi kila Krismasi. Mvaaji anasimama, anasema 'Naomba wote waone,' Spika anageuza ufunguo mezani kwake, na wajumbe wote sitini na mbili wanavaa robo saa ya mwisho. Kokwa inaungua hapo hapo. Hakuna mvaaji wa pili, hakuna wa chapati." Alitupia macho mlangoni. "Nyaya naziunganisha mimi kutoka humu chini. Mbwilo hatajua hata nafanya nini."

"Kwa nini iliachwa?"

Alijua kwa nini. Alitaka tu mtu mwingine aseme.

"Mara ya mwisho ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita," Tweve alisema. "Walivaa sitini na mbili. Waliinuka hamsini na nane."

"Huwezi kuipunguza nguvu?"

"Haina kupunguza, dada. Sisi tulifundishwa kufa miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kukalia kiti hiki. Wale ni wazee. Wana presha, wana sukari."

Hawakulitaja jina, lakini lilikuwemo chumbani. Spika wa Baraza alikuwa Atuganile Kyando, mwanamke wa miaka sabini na nne, mwenye betri ndogo kifuani inayousukuma moyo wake. Dawa zake za moyo alipelekewa na Gwantwa kila Jumatatu, kwa sababu ndiye aliyemlea. Maporomoko yalipowafukia wazazi wa Gwantwa akiwa na miaka tisa, Mwalimu Atuganile wa shule ya kata alikuja na sweta moja na chupa ya uji, akasema twende nyumbani, basi. Hakuwahi kulizungumzia zaidi ya hapo. Alipingana na kazi hii ya uvaaji mpaka wakanuniana mwaka mzima.

"Nenda kamwambie," Gwantwa alisema. "Mwambie atoke, akae naibu wake."

"Nipite wapi? Huyu hapa mlangoni ananimaliza. Na hata ningepita, Spika aliyefungua shauri hatoki kitini mpaka lifungwe. Asubuhi amelifungua." Tweve alijaribu kutabasamu akashindwa. "Lakini ufunguo ni wake. Wewe unaomba tu. Atakayeamua ni yeye."

Ulikuwa uongo wa huruma na wote wawili walijua. Gwantwa alimjua Mama, kama alivyomwita Atuganile. Ukimwomba haki mbele ya watu sitini, hatakataa hata kama ni kujikatia kamba ya kujinyongea. Kumwomba kulikuwa ni kumuua, ila kwa adabu.

Kumi na saba ambao hakuwajua majina, na mmoja aliyemjua mpaka harufu ya sweta. Pengine na wengine watatu, wanne. Hesabu ya namna hiyo haifanyiki, na bado aliendelea kuifanya, pamba ikijaa damu mdomoni, na kila alipofika mwisho alimkuta yule mwanamke wa dumu la njano akisema pole, baba, tulia. Alimchukia mwanamke yule. Alimchukia kapteni kwa kuwa mtu mzuri, kwa maana angekuwa mshenzi kazi ingekuwa rahisi.

"Unganisha," alisema.

*

Ukumbi ulisimama siwa ilipoingia. Mzee Ilomo, askari wa Baraza kwa miaka thelathini, aliibeba begani kama siku zote, rungu la shaba na mti mweusi lenye uzito wa debe la viazi, akailaza mezani. Spika Atuganile alikuwa tayari kitini, mdogo ndani ya joho lake. Alimtazama Gwantwa akipanda kizimbani, akauona mdomo ule, na uso wake ukabadilika. Halafu akaurudisha ulivyokuwa, kwa sababu kikao kilikuwa kimeanza.

Mbwilo alijisimamisha kwenye jukwaa la wageni upande wa kulia, bandeji sikioni.

"Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja," Chaula alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. Alisoma vifungu vya kwanza, kuzaliwa kwa kapteni, shule yake, utumishi wake, mambo yasiyohitaji kiapo. Wajumbe walitikisa vichwa. Mmoja alipenga kamasi. Kisha akasoma cha nne, polepole, kila neno likipata nafasi yake.

"Mvaaji," Spika alisema. "Baraza linakusikiliza."

Gwantwa alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mawili tu yaliyozoeleka, na yote mawili yaliishia kwenye kamba ileile.

"Naomba wote waone," alisema.

Kwanza wajumbe wakatazamana, watu wasiokumbuka kanuni zao wenyewe. Kisha makarani wakaanza kufungua vitabu, na Chaula akaruka.

"Utaratibu, Mheshimiwa Spika! Kanuni hiyo imekufa!"

"Kaa chini, Mheshimiwa," Spika alisema. Hakumwangalia. "Kanuni ya Wote iko ukurasa wa arobaini. Niliiandika upya kwa mkono wangu nilipokuwa karani. Mzee Ilomo, funga milango."

Milango ilifungwa. Spika alimgeukia Gwantwa.

"Mvaaji, unajua unachokiomba?"

"Najua, Mheshimiwa Spika." Alitaka kusema Mama. Neno lile lilimkwama kwenye meno yaliyovunjika, na alijionea aibu ambayo hakuwahi kuijua.

"Wajumbe, vaeni kofia," Spika alisema. "Ambaye hatavaa hoja yake imeanguka." Hapo Chaula alinaswa. Akikataa, Azimio linakufa na maswali yanaanza. Akivaa, labda, labda, vurugu itamfunika. Alivaa. Spika alichukua kofia yake iliyojaa mikunjo akaiweka kichwani juu ya mvi, akauinua mkono, na akageuza ufunguo.

Sitini na mbili walishtuka kwa pamoja. Robo saa hiyo walikuwa wamesimama langoni Ihanga, na kilichobaki ukumbini kilikuwa ni miili iliyoketi macho wazi, ikitetemeka kwa baridi ya asubuhi nyingine.

Mbwilo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Aliruka ukuta wa jukwaa la wageni na kushuka ngazi akifyatua. Risasi ya kwanza ilipasua kizimba. Ya pili ilimpata Gwantwa pajani, akaanguka nyuma ya meza ya makarani, na makarani wakatawanyika wakipiga mayowe. Alitambaa. Damu yake ilimtelezesha kwenye sakafu ya mbao. Alimsikia sajini akija, buti zikigonga, akipita katikati ya safu za watu waliokuwa wanaisikia sauti yake mwenyewe ndani ya vichwa vyao.

"Samahani, dada," Mbwilo alisema juu yake. Lilikuwa neno alilolizoea.

Siwa ilimpata kwenye mkono. Mfupa ulilia kavu na bunduki ikaruka. Mzee Ilomo alikuwa ameinyanyua kwa mikono miwili, miguu imepanuka kama mpasua kuni, na hakusubiri sajini ageuke. Alimpiga tena, begani, na tena, kichwani, na shaba ya siwa ikapinda, na Mbwilo alipokuwa chini hana uso tena mzee bado alikuwa anapiga, akihema, akisema kwa kila pigo, "Ndani ya Baraza! Ndani ya Baraza!"

Kisha viti vyote vikapiga kelele. Watu sitini na mbili walipigwa risasi shingoni kwa wakati mmoja. Walianguka juu ya madawati na juu ya wenzao, wakishika mataya yaliyokuwa mazima, wakikoroma. Gwantwa alifunga mkanda wake juu ya jeraha na kuhesabu dakika saba. Alijua walipofika. Sasa ndoo. Sasa kanga. Sasa ya moto machoni.

Waliporudi, walirudi wakilia. Kila shingo ilikuwa na duara la zambarau chini ya sikio la kushoto. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Sauti ya Chaula walikuwa wameisikia kwa masikio yao wenyewe. Naye alikuwa ameamka, anajikokota kuelekea mlangoni, na mabaki ya kapteni yalikuwa kwenye misuli ya kila mjumbe mle ndani.

Walimrukia. Walikuwa watu wa heshima, wazee wa makanisa, bibi wenye vitenge vya gharama, na walimpiga kwa viatu, kwa vitabu vya kanuni, kwa ngumi zisizowahi kupiga mtu. Mmoja alimpokonya miwani akamchoma nayo jichoni. Chaula alipiga kelele kwamba ni makosa, kwamba yeye pia alikuwa amekufa, ona shingo yangu, ona, na hilo lilikuwa kweli na halikumsaidia.

Gwantwa, akiwa sakafuni, alikuwa akingoja sauti moja. Miaka yote aliyofanya kazi katika ukumbi ule, hakuna kelele iliyowahi kufika nusu ya hiyo bila Spika kugonga meza. Alingoja aseme utaratibu. Waheshimiwa, utaratibu. Kelele ziliendelea, na hakuna aliyesema, na ndipo alipogeuza shingo kutazama juu kwenye kiti.

*

Walikufa wajumbe wawili, Mzee Mahenge wa kata ya misitu na Spika Atuganile Kyando. Chaula alitolewa akiwa hai, na jicho moja, akapelekwa gerezani. Watu kumi na saba wa Ihanga walirudi bondeni kwa miguu, na maji yakawafuata kwa bomba juma lilelile. Haya yote yalikuwa mema na Gwantwa aliyajua kuwa mema. Hayakumsaidia kulala.

Siku ya nne Baraza lilikutana kwa ajili ya Azimio la kumuenzi Spika. Wavaaji wengine wawili walijitolea kuivaa saa yake. Gwantwa aliwakatalia. Aliwaambia ni utaratibu wa kazi, mvaaji wa Baraza ni yeye, lakini ukweli ni kwamba alitaka kujua. Mle ndani ya ile kokwa kulikuwa na jibu, na angekubali kufa mara mia kulipata.

Sasa alisimama kizimbani akiegemea gongo, saa ya Mama ikiwa bado ya moto mwilini mwake. Naibu Spika, Mheshimiwa Bupe Sanga, alisoma mwenyewe.

"Kwa kuwa alikaa kitini mwake mpaka mwisho."

"Nimeona."

"Na kwa kuwa aligeuza ufunguo kwa hiari yake, bila hofu, akiwa radhi na aliyemwomba."

Bupe alimtazama kwa upole. Kifungu kile alikuwa amemwandikia yeye, zawadi, na ukumbi mzima ulijua. Wajumbe wenye shingo za zambarau walimngojea aipokee.

Gwantwa alikuwa ameiona saa ile. Alikuwa amekaa ndani ya joho, magoti yakiuma, akiwaza maharage aliyoyaloweka nyumbani. Alikuwa amemwona binti mwenye mdomo uliovunjika akipanda kizimbani, na moyo ukamruka kwa huruma. Kisha binti yule akasema maneno matatu. Na kilichopanda kifuani mwa Mama kilikuwa hasira. Mtoto huyu ananiua. Nimemwosha, nimemsomesha, na ananiua mbele ya watu. Baada ya hasira ukaja woga, mtupu, wa mnyama, kwa sababu Mama alitaka kuishi. Alitaka miaka mingine kumi na alikuwa anajua nini atafanya nayo. Mkono uliouinua ulikuwa mzito kuliko kitu chochote alichowahi kubeba. Gwantwa aliutafuta msamaha kwenye saa ile mpaka sekunde ya mwisho, akipekua kila kona, na hakuukuta.

"Sikuona," alisema.

Bupe alikata maneno kadhaa kwenye karatasi yake.

"Mtoa hoja anarekebisha," alisema hatimaye. "Aligeuza ufunguo bila hofu."

"Sikuona."

Kisha bibi mmoja wa safu ya nyuma akasimama, mkono kwenye shingo yake. "Aliogopa," alisema.

"Nimeona."

"Alikasirika," mwingine akasema, kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Alimkasirikia aliyemwomba."

"Nimeona."

"Alimsamehe," Bupe alisema haraka, akiomba.

Kulikuwa na njia ya kusema neno lile. Hakuna mwingine aliyekuwa amevaa, na hakuna ambaye angetaka kuvaa tena. Likiapiwa lingefungwa, na hata yeye mwenyewe, miaka ikipita, angeweza kuliamini.

"Sikuona," Gwantwa alisema, na machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia.

Mzee Ilomo, ambaye hakuwa mjumbe na hakuwa na haki ya kusema neno mle ndani, aliinuka pembeni ya siwa yake iliyopinda.

"Hakutaka kugeuza," alisema. "Akageuza."

"Nimeona," Gwantwa alisema. "Nimeona. Nimeona."

Karani aliandika hivyo hivyo, na Baraza lote likasimama.